Kichupa cha Vasta

Jumanne, 8 Julai 2025. Kasese.
Nimemhoji Vasta, mwanafizikia, binti wa Feresita wa Karambi. Yuko likizo kutoka maabara ya Ulaya. Kazi yake: kupima ni rangi ipi hasa ya leza ambayo atomu inaikubali. Si nyekundu tu — nyekundu iliyopimwa hadi tarakimu kumi na mbili. Amekuja na leza ndogo na kichupa kilichozibwa chenye rubidi, metali laini, awaonyeshe wanafunzi. Leza ikikosea kidogo, giza. Ikipatia, kichupa kinang'aa kwenye kamera ya simu. Niliona. Sikuhisi kitu.
Redioni jioni, nikisoma habari yake, nikasema kichupa kinatoa "mionzi ya atomu".

Alhamisi, 10 Julai. Bwera.
Wahab wa bodaboda: "Mukubwa, ile bomu ya Karambi imefika wapi?" Akacheka mwenyewe.
Feresita kapiga simu. Majirani hawachoti tena maji kwenye bomba la uani kwake. Chairman Baluku wa kijiji kaitisha mkutano Jumapili: kichupa kikiwa kibaya, mama na binti wahame.
Neno ni langu. Miaka ishirini na sita kazini! Lilikuwepo "mwanga". Nikachukua "mionzi" — ilisikika kubwa.

Ijumaa, 11 Julai.
Nimemwuliza Vasta: kinatoa mionzi, ndiyo au hapana?
"Kidogo sana. Hata udongo wa shamba unatoa."
Basi sema hapana.
"Siwezi kusema sifuri, mzee. Sifuri hatujawahi kuipima."
Olivia, mhariri, hataki marekebisho hewani kabla ya mkutano. Nimeyaandika hata hivyo. Mistari minne.

Jumapili, 13 Julai. Karambi.
Naandika mkutanoni. Watu kama mia na arobaini.
Vasta kaeleza vizuri. Docus, jirani wa bomba, kamkatiza: "Mutoto wetu, sema tu haina, tuende kupika!"
"Inayo, lakini ni ndogo kuliko—"
Kelele! Hakumaliza. Feresita anatazama miguu yake.
Nikasimama. Nikasema kosa ni langu, ule ni mwanga, kichupa hakina madhara.
Baluku kanisikiliza hadi mwisho. "Musomi anasema iko. Wewe unasema hapana. Sawa, mwandishi. Shika hiyo kichupa mupaka mukutano iishe."
Vasta amekuja mbele yangu, kiganja wazi. Kichupa ni kidogo kama kidole gumba. Najua kila kitu kukihusu.
Mkono wa kushoto una daftari. Wa kulia una kalamu.
Vasta anangoja. Bado naandika