Damu kwenye Miimo ya Mlango

Jumatatu, 5 Oktoba 1953
Fremu mbili asubuhi, kisha picha kubwa kutoka nyumba ya Mzungu huko Karen. Mzungu mwenyewe anarudi Ulaya, anauza kila kitu, hata beseni. Picha ya mafuta, ya kale, nyeusi kwa moshi wa miaka. Naisafisha kwa pamba na mate, ndivyo Bwana Mendes mwenye duka alivyonifundisha, kidogo kidogo kuanzia pembeni. Kinywa kimenikauka. Kufikia jioni amejitokeza mtu mwenye kitita cha majani mkononi, anapaka kitu mlangoni. Nadhani ni chokaa.

Jumatano, 7 Oktoba
Si chokaa. Ni damu. Pasaka ya Misri, Kutoka kumi na mbili! Nimefurahi kama mtoto kuitambua kabla ya Bwana Mendes.

Kamau, anayepiga vanishi meza na viti hapa dukani, aliacha kazi akaja kusimama nyuma yangu. Anakaa Dagoretti na mkewe Wanjiru na mwana wao mmoja. Huniita Mwalimu, kwa kunitania, maana nahubiri Jumapili. Leo hakutania. Nikamweleza yote: mwanakondoo, miimo, kizingiti cha juu, mauti yanayopita nyumba kwa nyumba.

"Na hawa wenye damu kwa mlango, hapana guswa hata mmoja?"

Hata mmoja, nikamwambia. Hata mbwa hakuwabwekea. Nilieleza vizuri, nilijiona mhubiri hasa.

Jumamosi, 10 Oktoba
Picha iko dirishani. Wazungu wanasimama, wanatazama, wanakwenda zao. Bwana Mendes anasema siku hizi za Hali ya Hatari nani anataka damu ukutani.

Kamau kanisimulia ya kwao. Watu wa msituni walipita wakitaka chakula. Kesho yake wakapita askari wakitaka kujua nani aliwapa. Jirani mmoja alichukuliwa na hawa, mwingine na wale. Mimi si wa kabila la Kamau, ni Mmaragoli, nalala Muthangari bila kugongewa mlango. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo.

Jumanne, 13 Oktoba
Kamau haachi kuitazama. Leo ameuliza kama mbuzi anafaa badala ya kondoo. Nikasema Kitabu kinaruhusu. Akarudi kwenye kazi yake, haraka mno, kiti kimebaki na madoa. Si kawaida yake. Sipendi.

Alhamisi, 15 Oktoba
Kamau hakuja.

Ijumaa, 16 Oktoba
Wanjiru amekuja dukani kwa miguu, vumbi hadi magotini. Mumewe alikwenda kwa wachinjaji wa Dagoretti juzi jioni, akaomba damu ya mbuzi kwenye mkebe. Akapaka miimo yote miwili na kizingiti. Akamwambia mkewe sasa walale, wamefunikwa. Alfajiri askari wakaja. Walipoona damu wakasema hapa ndipo watu wanapolishwa kiapo cha watu wa msituni. Wakamchukua. Majirani wa kushoto na kulia hata hawakubishiwa hodi.

Mdomo uliponza kichwa, husema watu. Ila mdomo ni wangu na kichwa ni cha Kamau.

Nimemwomba Bwana Mendes picha, niipeleke polisi waione. Imeuzwa asubuhi hii hii. Bibi mmoja kasema wekundu ule utaendana na mapazia yake. Nimeifunga mwenyewe kwa gunia na kamba.

Jumamosi, 17 Oktoba
Nimekwenda kituoni na Biblia. Afisa kijana, uso umeungua jua. Nikasoma, askari akatafsiri. Afisa alisikiliza hadi mwisho, na nikaanza kuwa na tumaini. Kisha akasema jambo, na askari akanigeukia.

"Bwana anauliza, ni wewe ulimfundisha hii mambo?"

Niliogopa. Nikasema mimi simfundishi mtu, mimi natengeneza fremu. Wakaniambia niende. Nilikwenda, tena upesi. Najichukia.

Jumapili, 18 Oktoba
Sikuhubiri. Nilichukua randa na msasa, nikaenda Dagoretti.

Wanjiru ameusugua mlango kwa maji na majivu, lakini mbao haikupakwa kitu tangu mwanzo, imeinywa damu. Ana hofu watarudi wauone tena, wamchukue na mwana. Nikamwambia nitaichonga hadi nifikie mbao safi. Alinitazama nikinoa randa.

"Mwalimu," akasema. "Ulimwambia damu ni ya kupaka nje, ama ndani?"

"Nje."

Akafikiri.

"Basi hakukosea."

Nikaanza na mwimo wa kushoto. Maranda ya kwanza yalitoka mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe. Wanjiru akayaokota yote, akawashia moto wa chai.