Picha Hazikukosea

Liège, Ubelgiji
Jumapili mchana

Dada yangu Konsolata,

Amahoro, dada. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na miguu imeacha kuvimba kwa kusimama sokoni kutwa. Shemeji Leonidas kikohozi kimemwachia? Watoto wamesharudi shule? Mimi mwili ni mzima. Naenda kazini, narudi, napika wali wa mtu mmoja, nalala. Baridi imeanza, na siku inakwisha kabla hujaiona.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati juzi tu tumeongea. Dada, simu inanipa pa kutorokea. Mara nyingi nimekupigia nikiwa nimejipanga niseme, wewe ukasema, "Allô, Jenerose, unasikika mbali," basi nikalidaka hilo la mtandao, nikauliza mvua imenyesha, nikakata. Tena nataka kaka Melkiori aishike mkononi barua hii, auone mwandiko wangu. Nitampa mtu anayekuja Bujumbura, ataifikisha kwako Magarama, hapo Gitega.

Siku ile baada ya mazishi uliniuliza, "Jenerose, kwani zile picha zilikosea?" Nikakujibu kwamba hata mashine hukosea. Dada, picha hazikukosea. Niliona yote siku ile ile uliyonitumia.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nyumbani hakuna aliyewahi kuelewa kazi yangu, na kosa ni langu, sikuwahi kuwaeleza. Mama aliwaambia watu wa kwetu Butihinda kwamba napiga watu picha, wakadhani nimefungua studio. Tunachofanya ni hivi: mgonjwa anachomwa sindano yenye dawa kidogo ya mionzi. Dawa inatembea na damu, inakwenda kukaa kwenye mifupa, na inajaa zaidi pale mfupa unapopigana na ugonjwa. Baada ya saa chache mgonjwa analala chini ya kamera. Kamera hiyo haimmuliki. Mionzi inatoka ndani yake mwenyewe, sisi tunaipokea tu, na palipo na ugonjwa panatokea peusi, kama doa la wino. Ila dawa hiyo haimsubiri mtu. Kila saa sita zikipita, nusu ya nguvu yake imekwisha. Utafiti wangu wa miaka yote hii ni kutafuta namna ya kupata picha nzuri kwa dawa kidogo na kwa muda mfupi, ili siku moja hata nchi yenye mashine moja na barabara ndefu iweze kuhudumia watu wengi. Unamkumbuka baba kule kambi ya wakimbizi Tanzania, alivyokufa ameshika mgongo na hakuna aliyejua ana nini. Nilikuwa darasa la sita. Nilianzia pale.

Sasa mama naye akashikwa na mgongo. Ukamtoa Butihinda ukamleta kwako Gitega, yule daktari kijana akamtilia shaka, mkavuka mpaka wa Kobero kwa basi mpaka Dar es Salaam kupigwa picha ya mifupa. Ukanitumia kwenye simu, ukaandika, "Mi sijui kusoma haya. We ndo unajua. Utuambie."

Nilizifungua mchana, mezani kwangu labo, mkate mkononi. Dada, mimi kwa siku naona picha za watu wengi, na zote hazina majina, zina namba tu. Hii ilikuwa na jina la mama. Uti wa mgongo ulikuwa na madoa kutoka shingoni mpaka kiunoni. Mbavu zilikuwa nayo. Nyonga zilikuwa nayo. Bega la kushoto, lile alilokuwa akibebea jembe, lilikuwa jeusi lote. Angekuwa mgonjwa mwingine ningeandika sentensi mbili, kwamba saratani imeenea mifupani, nikaenda kwenye picha inayofuata.

Nikatoka kwenye korido nikakupigia. Nilitaka nikwambie wewe kwanza. Lakini mama alikunyang'anya simu.

"Jenerose, mwana wanje, mwanangu, umeniona?"

"Nimekuona, mama."

"Mpaka ndani?"

"Mpaka ndani."

"Basi niambie. Maharage yangu nikayapande au nisiyapande?"

Nikamwambia, "Utapanda, mama. Mifupa imechoka tu, kwa jembe na madumu ya maji. Kaa kwa Konsolata, utembee kila asubuhi, unywe dawa. Utapanda msimu ujao."

Akacheka. "Si nilisema mimi! Yule daktari mdogo ana uso wa msiba."

Wewe ukachukua simu, ukatoka nje. Niliwasikia kuku. Ukaniuliza taratibu, "Jenerose, sasa tuko wawili. Daktari wa hapa anasema ugonjwa umeenea. Anasema tumrudishe nyumbani, akae na watu wake. We unasemaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Na hapo ndipo nilipokwambia, "Yule si mtu wa picha. Mimi ndiye mtu wa picha."

Ukasema, "Sawa. We ndo umesoma."

Nimejiuliza sana kwa nini. Ya kwanza ni ile sauti ya mama, alivyocheka. Hiyo ndiyo ningependa uiamini, na ni ya kweli, lakini haiko peke yake. Mwezi ule kazi yangu ilikuwa ikisubiri kupimwa mbele ya wakubwa, na kadi yangu ya ukaazi ilikuwa imekwisha, nasubiri mpya. Ningesema ukweli ningepaswa kupanda ndege kuja, na nikitoka bila kadi huenda nisingeruhusiwa kurudi, nafasi akapewa mwingine. Nikajiambia acha nimalize kwanza, miezi michache tu. Nilizipigia hesabu siku za mama kama tunavyoipigia ile dawa, nikajiambia nusu bado ipo.

Wewe ukafanya kama nilivyosema. Kila asubuhi ulimshika mkono mkatembea mpaka kwa Mama Zubeda, fundi cherehani, mkapumzika pale kizingitini, mkarudi. Uliniambia kwa furaha, "Leo amefika mpaka kwenye bomba!" Mimi nikakwambia vizuri, endeleeni. Dada, nilijua kila hatua inamuuma wapi, maana nilikuwa nimeona. Na yule daktari angeweza kumpa dawa kali ya maumivu, ile wanayopewa watu wa namna yake, lakini hukurudi kwake kwa sababu mimi nilimfanya aonekane mjinga.

Melkiori akaja kutoka Butihinda kumchukua. Mama alikwisha kufunga vitenge vyake. Unakumbuka alivyokuwa akisema: baba yenu amelala ugenini kwenye kichaka cha kambi, mimi nataka macho yangu yafungwe yakiwa yanaliangalia shamba langu. Lile shamba alilolipigania baraza baada ya baraza tuliporudi kutoka Tanzania. Ukamwambia Melkiori, "Akimaliza mazoezi nitamleta mwenyewe." Hukumwambia kwamba ni mimi niliyetoa amri hiyo. Alikuwa tayari na hasira nami kwa kutokuja nyumbani, nawe hukutaka kuongeza kuni. Akarudi Butihinda peke yake.

Mama akafa asubuhi, umepiga magoti unamfunga viatu aende kutembea.

Mazishi niliyaona kwenye simu, mtoto wako Aline alipoishika juu. Picha ilikuwa ikikatika lakini sauti haikukatika. Nilimsikia Melkiori mbele ya watu wote: "Mama alitaka kurudi kwa miguu yake. Konsolata amenirudishia sanduku." Watu wakaguna. Nikakuona umeinama, unarekebisha kitenge kiunoni, ukakirekebisha tena. Jina langu lilikuwa mdomoni mwako, dada, ukalimeza. Nami huku nikazima simu nikaenda kunawa uso, kwa sababu saa nane nilikuwa na kikao.

Siku chache baadaye nilisimama mbele ya wakubwa nikaeleza utafiti wangu. Ulipita. Walipiga makofi, wameniongezea miaka miwili. Kadi nayo ikatoka, wiki mbili baada ya mama kuzikwa. Vyote nilivyovingoja nimevipata.

Tangu hapo kazi imenishinda. Naikalia lakini haiendi. Ikitokea picha ya mama mzee mwenye mgongo uliopinda, naiangalia mpaka mashine inajizima yenyewe. Tuna mwenzetu anaitwa Naima, mtu wa Moroko, ndiye anayewachoma wagonjwa sindano, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Wiki iliyopita alinikuta hivyo akauliza nina nini. Nikamwambia yote, mara ya kwanza kumwambia mtu. Nilidhani atanipa pole.

Akaniuliza, "Dada yako anajua?"

"Hajui."

"Kaka yako anamlaumu nani?"

"Dada."

"Basi unalia nini hapa?" akasema, akavua glavu, akaondoka.

Ndiyo maana leo nimekaa kuandika.

Naomba mambo mawili. La kwanza, kabla ya siku ya kuganduka, kabla hamjakaa pamoja kumaliza msiba, Melkiori aisome barua hii. Kama hutaki kumpa wewe, mpe shemeji Leonidas ampelekee. Asiisome peke yake shambani akaichana. Aisome mbele ya wale wazee waliosikia maneno yake makaburini. Ajue kwamba wewe ulimtunza mama kwa mikono yako, na kwamba aliyemfungia Gitega ni mimi niliye mbali, kwa sentensi moja. La pili, ukiweza, pita kwa yule daktari kijana umwambie alisema kweli. Mwambie mtu wa picha amekiri.

Msamaha siombi hapa. Naona ni vibaya kuuomba kwa karatasi, mtu akasamehe kabla hajakasirika. Sasa nina kadi, naweza kusafiri, nitakuja siku ya kuganduka. Nikifika Gitega nitalala kwako kama utanipokea. Usiponipokea nitapanda gari moja kwa moja mpaka Muyinga mjini, karibu na Butihinda, nitafute pa kulala. Ukimaliza kusoma usinipigie siku hiyo hiyo. Usijilazimishe kuwa dada mkubwa. Nipigie siku utakayoweza, hata kama ni kunitukana, nami safari hii sitasema mtandao ni mbaya.

Kuna jambo lingine linanisumbua na sina wa kumwambia ila wewe. Najiuliza kama mama hakujua. Mtu anayejua mvua itanyesha kwa kuliangalia jani la mgomba, asijue mwili wake? Ile wiki ya mwisho aliniambia, "Jenerose, usiache kazi ya watu kwa ajili yangu." Nilifurahi, nikaona amenipa ruhusa. Sasa sijui alikuwa akiniambia nini. Kama aliwahi kukuambia lolote usiku mlipolala chumba kimoja, unieleze, hata kama ni baya kwangu.

Nisalimie shemeji Leonidas, na kwa kupitia yeye wazee wake wa Bukirasazi, walioleta ndizi na kuni za msiba. Msalimie Aline, mwambie aliishika simu vizuri, mkono haukutikisika. Mama Zubeda mpe mkono wangu; nasikia uji wa mwisho aliokunywa mama ulitoka jikoni kwake, na Mungu amlipe kwa imani yake. Kule Butihinda, mke wa Melkiori, aliyemwosha mama, mwambie namshukuru. Kwa Melkiori mwenyewe sithubutu kutuma salamu. Barua inamtosha.

Akisema nisikanyage Butihinda, nisilione kaburi, basi usinitetee, dada. Umenitetea vya kutosha.

Ni mimi mdogo wako,
Jenerose