Glasi Nyeupe Iliyopewa Jina la Mke Wangu

Bukavu, Jumanne, mwezi wa saba. Ukungu wa kiangazi umefunika ziwa tangu asubuhi, na vumbi limelala juu ya majani ya migomba kama unga juu ya meza ya mwokaji. Koo limenikauka, na moyo pia.

Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu, pokeeni kwanza salamu zangu za heshima, ninyi na watu wa nyumbani kwenu, wazee kwa watoto, wagonjwa kwa wazima. Nawaombeni radhi kwa ukimya wangu wa majuma mengi. Umeme ulikuwa haba, na mji wetu umepitia mambo ambayo mzee wa umri wangu hawezi kuyaandika. Zaidi ya hayo, nilikuwa katika mwaka wa kilio cha mke wangu, marehemu Bernadette, na kwetu mume aliyefiwa hapaswi kujitokeza sana mbele za watu.

Kilio hicho kilipangwa kuondolewa Jumamosi iliyopita. Mnisamehe pia kwa neno nitakaloanza nalo, maana si neno la kuanzia waraka wa mtu mwenye adabu.

Nilitema.

Mbele ya padre, mbele ya wakwe, mbele ya wanakwaya waliokuwa bado wameshika vitabu vyao, mimi niliyefundishwa na mapadre kupangusa mdomo kabla ya kusema asante, nilitema kinywaji katika leso yangu. Ladha yake ingali ipo chini ya ulimi hadi leo. Nimesukutua kwa maji ya chumvi. Nimetafuna tangawizi. Haitoki.

Niwaeleze desturi ya jamaa yetu ili msinihukumu upesi. Baada ya misa ya mwaka, mume aliyefiwa huonja kwanza kasiksi, ile pombe yetu ya maji ya ndizi na mtama uliokaangwa, kutoka katika kibuyu kimoja. Akishameza, watoto hufuata kwa mpangilio wa kuzaliwa. Anayemeza amefunguliwa: anaweza kuvua nguo nyeusi, kucheza ngoma, kuoa au kuolewa. Asiyemeza hubaki katika kilio, hata akivaa shati la manjano. Na mume akishindwa kumeza, hakuna anayefunguliwa.

Mwanangu wa mwisho, Déo, alifanya kazi miaka mingi nyuma ya kaunta za hoteli za nchi za nje. Mama yake alipofariki, njia za kuingia mjini zilikuwa zimefungwa, naye alimzika kwa kutazama simu. Sasa amerudi na kufungua terasi nzuri, baa ya wazi yenye kutazama ziwa. Aliniomba sherehe ifanyike huko, kwa gharama yake. Nilikubali kwa furaha. Sikuuliza tutakunywa nini, kwa sababu haikunijia kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Juu ya kila meza tulikuta kadi ya kokteli, vinywaji vya kuchanganywa vya kila majira na kila tukio. Cha kiangazi, chenye barafu na vipande vya tango. Cha mvua, chenye ramu ya moto na mdalasini. Cha ubatizo, rangi ya waridi. Cha mahari, chenye chembe za dhahabu zinazoelea, ambazo nilielezwa kuwa ni sukari. Na cha msiba.

Cha msiba kilikuwa cheusi. Kilitiwa makaa yaliyosagwa, na kila mwombolezaji alipokewa kwa glasi yake mlangoni. Mwenyekiti wa kwaya aliposimama kutuongoza katika sala, meno yake yalikuwa meusi kama ya mtu aliyelamba chungu. Alisali juu ya uzima wa milele na meno yale. Niliinamisha macho, nikijiambia kwamba vijana wana mambo yao.

Msinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kulaani kila chupa. Bia ya baridi Jumapili ya kiangazi, baada ya misa ndefu, ni neema. Divai huwekwa kwa ajili ya altare. Kasiksi ya mahari inywewe ikiwa changa na tamu, ya kuondoa kilio inywewe ikiwa imekomaa na kali kidogo, na wakati wa mvua mzee aridhike na chai. Kila kinywaji kina siku yake. Lakini Bernadette alikuwa na kaka aliyepofushwa na kanyanga, ile pombe kali inayopikwa vichakani, na kwa sababu hiyo pombe kali haikuvuka kizingiti chake. Mgeni mmoja alipotuletea whisky, aliipokea kwa magoti na shukrani nyingi, kisha akaitumia kupangusia vioo vya madirisha. Viling'aa sana.

Mwishowe Déo akaja na glasi nyeupe.

"Papa, onja wa kwanza," akasema. "Tunatoka mu nyeusi, tunaingia mu nyeupe. Hii inaitwa Bernadette."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikatazama kadi. Jina lilikuwa pale, juu kabisa, kwa herufi za mapambo: Bernadette. Maziwa, vodka, ndizi, ndimu.

Maziwa! Mke wangu alizaliwa katika boma la ng'ombe. Kwao maziwa hayaachwi wazi, hayarukwi, hayachanganywi na kitu cha kulevya. Nilipeleka glasi mdomoni kwa ajili ya adabu. Ndimu ilikuwa imekwisha kuyakata. Yaliingia kama kitu kilichorudishwa na mtoto mchanga begani mwa mama yake, chenye moto wa spiriti nyuma yake. Hapo ndipo nilipotema.

"Papa! Juu ya nini unanifanyia haya mbele ya bageni?"

"Uniwie radhi, mwanangu. Haimezeki."

"Iko maziwa tu, na vodka kidogo. Maman njo alininyonyesha. Nilitaka bote bakunywe kitu yenye kutoka kwake."

Maneno yale yalinichoma na kunichefua kwa pamoja, na sijui mpaka sasa lipi lilitangulia.

Binti yangu mkubwa, Furaha, aliinama sikioni mwangu. Yeye huuza vitenge sokoni.

"Papa, meza tu, utatapika nyumbani. Miye niko nauzisha rangi yote ya dunia, na mwili yangu iko mu nyeusi mwaka muzima. Nimechoka."

Kwa ajili yake niliinua glasi mara ya pili. Iligusa midomo, nikaishusha.

Wakati huohuo, katika meza ya nyuma, kijana mmoja asiyejua kilichotokea aliinua mkono akapaza sauti: "Patron! Niletee Bernadette ingine, ya baridi!"

Ya baridi.

Ndugu zangu, mke wangu yuko chini ya udongo.

Sijui ningefanya nini, kama makelele yasingezuka langoni. Niliitambua sauti. Ilikuwa ya Maman Nsimire, mdogo wake Bernadette, aliyekuja kutoka mtaa wa Kasha kwa pikipiki na bidoni, dumu la kasiksi, mapajani. Déo alikuwa amempigia simu asijisumbue kupika. Alipika.

"Weye mulinzi, soma vizuri kibao yako! Inakataza bageni kuingiza kinywaji. Miye si mugeni, miye ni dada ya marehemu!"

"Maman, patron alikataa."

"Patron gani? Ule nilikuwa nampangusaka makamasi na kikwembe yangu?"

Watu walicheka, hata padre. Mimi niliweka glasi mezani, nikamwomba mwenyekiti wa kwaya anipishe, nikatoka hadi barabarani. Nilikaa juu ya jiwe kando ya lango. Maman Nsimire alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Shemeki, umekonda hivi! Banakulisha nini humo ndani, sabuni?"

Alinijazia kibuyu alichokuja nacho. Nikanywa. Ilikuwa kali kidogo, yenye moshi wa mtama, na ilishuka bila kuniuliza kitu. Nikampa Furaha, aliyekuwa amenifuata. Alikunywa kwa pupa hadi ikamchuruzika kidevuni, akafungua kilemba chake cheusi palepale kati ya vumbi na honi. Dereva mmoja wa pikipiki akatupigia kelele: "Papa, na siye tuko na kilio, kilio ya mafuta! Tupatieni!" Maman Nsimire akampatia. Watoto wengine wakanywa kwa zamu zao, na wageni wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Déo hakutoka.

Nilimwona kupitia lango, nyuma ya kaunta, akinyoosha mirija katika glasi nyeupe ambazo hakuna aliyezichukua. Maziwa yalikuwa yamejitenga: maji juu, mabonge chini. Nilimtuma dada yake amwite anywe zamu yake. Alirudi na jibu: "Amesema bakunywe huko huko."

Kabla ya kuondoka niliingia kumuaga. Nilimwomba, kwa sauti ya chini, aliondoe jina la mama yake katika kadi.

"Nikiitoa, Papa, nabakia na nini yake?" akaniuliza. "Weye ulimuzika. Dada alimuzika. Miye nilikamata simu."

Nilivaa kofia yangu, nikaenda zangu. Tangu Jumamosi hajafika nyumbani.

Basi niseme hapa nilichoshindwa kusema pale. Naomba radhi kwa kutema mbele ya wageni wako, mwanangu. Lilikuwa tendo la aibu, na aibu hiyo ni yangu. Siombi radhi kwa kukataa kumeza. Mlevi asiyemjua mama yako asiliite jina lake kwa kupiga vidole, wala asilipishwe kwa ajili yake, wala asiamke asubuhi akalirudisha mferejini. Nachukia kinywaji kile. Nilikichukia Jumamosi, nakichukia zaidi leo. Ila wewe umebaki peke yako katika kilio, kati ya watoto wangu wote, na hilo linaninyima usingizi kuliko ladha ile.

Nimekuwekea sehemu yako katika kibuyu kidogo, jikoni, chini ya kitambaa chenye maji. Kasiksi haimsubiri mwenye hasira. Leo imeanza kuuma ulimi. Kesho kutwa itakuwa siki.

Wasomaji wapendwa, mimi huandika kwa kalamu, na mashine siijui. Karatasi hizi Furaha atazichukua jioni, lakini atakayezifikisha kwenu ni Déo mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyenifungulia ukurasa huu na ndiye pekee mwenye ufunguo wake. Nimemwandikia pembeni asipunguze neno. Mkiusoma waraka huu, mjue kwamba yeye ameusoma kwanza, na mlango wa jikoni sijaufunga.