Kiassam, Kichina, na Mtoto Niliyeshindwa Kumleta

Guwahati, Assam, India

Kwako mke wangu mpendwa, Mama Mwende,
Nyumbani, Mwingi.

Namtanguliza Mungu Mwenyezi, ambaye hahitaji mkalimani ili aelewe kilio cha mtu yeyote. Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Mguu wako u hali gani? Mvua imewaangukia, au mnayatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi mwili ni mzima. Kuhusu moyo, utaona mwenyewe.

Najua unangoja habari moja tu, nami sitakuzungusha. Mjukuu wetu Meilin hatakuja. Nimerudi Assam juzi peke yangu, na kosa ni langu. Keti kwanza, kisha usome polepole.

Ulinipigia simu baada ya kumpoteza binti yetu, ukasema, "Baba Mwende, wewe ndiwe uliye karibu na Uchina. Na lugha ya huko si umeshaijua, miaka sita yote ukifundisha chuo cha Biblia huko Assam? Nenda uniletee mtoto." Nikakuambia lugha si moja. Ukasema, "Watasikizana tu, si wamepakana?" Sikubishana nawe kwa sababu ulikuwa unalia.

Sasa nikujibu inavyostahili. Sisi tumekaa kando ya barabara ya Garissa tangu utoto, malori ya Wasomali yakipita mlangoni, na ni nani kwetu ajuaye Kisomali kupita salamu? Ndivyo ilivyo na huku. Kiassam ni ndugu wa mbali wa lugha ya wale Kalasinga wenye vilemba wa hekalu la Makindu. Kichina ni cha ukoo mwingine kabisa. Herufi za Kiassam hutamkwa, na ukishazijua utasoma hata usichokielewa. Alama za Kichina ni maelfu, na usiyefundishwa alama fulani utasimama mbele yake kama kipofu. Kichina hupanda na kushuka, na sauti ikigeuka maana nayo hugeuka. Jambo hilo halikunishangaza, maana Kikamba chetu nacho kina vilima vyake. Kiassam hakina. Kuna mahali zinapokutana, napo palinipendeza: katika lugha zote mbili huwezi kuhesabu vitu hivi hivi tu, sharti utaje kama ni kitu bapa, au kirefu, au ni mtu wa kuheshimiwa, karibu na zilivyo ngeli zetu.

Hayo yote niliyasoma vitabuni majuma matatu kabla ya safari, nikajiona nimejiandaa. Kumbe nilijua habari za Kichina tu. Neno la kusema nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa moja, nalo ni asante.

Kule Uchina mkwe wetu, baba yake Meilin, alinipokea kwa heshima. Yeye anajua Kiingereza. Mama yake hajui ila Kichina. Tulizungumza siku mbili, tukapatana kwamba mtoto aje akae nawe hadi umri wa kuanza shule. Yule mama akakubali, na mwenyewe akaanza kumpangia nguo sandukuni. Mtoto akaniita "waigong". Mkwe akanieleza kwamba ndivyo aitwavyo babu mzaa mama, na kwamba mwanzo wa neno hilo maana yake ni nje. "Si dharau, baba," akasema upesi, "ni lugha tu." Nikamwambia sijaudhika. Lakini nilikumbuka kwamba kwa Kiassam babu ni "koka", awe wa upande wa baba au wa mama.

Siku ya tatu, mchana, mkwe akiwa kazini, Meilin alinijia na chungwa alilolimenya mwenyewe, akanipa nusu. Mama Mwende, uso ule ni wa binti yako. Nikafanya kama baba yangu alivyonifanyia, na kama nilivyomfanyia Mwende asubuhi ile aliyoondoka kwetu: nilikishika kiganja chake, nikakitemea mate kidogo, nikamwomba Mungu ampe miaka mingi. Hapa Assam niliwahi kumfanyia hivyo mtoto wa mwenye nyumba. Mama yake alishtuka, nikamweleza kwa lugha yake kwamba kwetu hiyo ni baraka ya mzee, akacheka na kumwita mwanawe mkubwa: "Njoo nawe utemewe, mvivu wewe, labda utapita hesabu!" Kwa hiyo sikuwa na hofu.

Bibi yake Meilin alipiga yowe. Alimnyakua mtoto, akamwosha mkono kwa sabuni, akarudia na kurudia, hata mkono ukawa mwekundu na mtoto akalia. Nilisimama mlangoni. Kwa Kiassam ningejua la kusema. Wana "wewe" ya mtoto, "wewe" ya rafiki, na "wewe" ya mtu wa kuheshimiwa, nami ningemwomba radhi kwa hiyo ya tatu. Pale nilikuwa na neno langu moja. Nikamwambia asante, naye analia.

Mkwe aliporudi aliniita kando. "Baba, mama anasema umemtemea mtoto mate."

"Nilimbariki."

"Mimi nakuamini. Lakini Mwende alikufa kwa ugonjwa wa kifua katika nyumba hii. Tulikuwa tukichemsha hata vijiko vyake. Mama anauliza, huko kwenu watamtemea wangapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Wewe, dada yangu, na wazee wote wa kanisa ambao wangekuja kumwona. Asubuhi nililikuta sanduku liko tupu, na nguo zimerudi kabatini.

Usimchukie yule mama. Hakunidharau, aliogopa, na mjukuu aliye naye ni huyo mmoja tu. Mimi niliyesoma na kufundisha maandiko miaka yote hii sikuuliza ni nini kilichomwua binti yangu, na kiliiachia nyumba ile hofu gani.

Mwambie dada yangu mkubwa kule Tseikuru amrudishe kundini yule mbuzi aliyemtengea mgeni wetu. Msalimu mchungaji wetu, na umwombe asitangaze lolote kanisani hadi utakapokuwa tayari. Msalimu kaka yako fundi seremala. Mwambie kitanda alichokitengeneza ni kazi njema, ila apewe mtoto mwingine akilalie.

Nitakuja Desemba. Usipotoka kunilaki, nitaelewa, nami nitabisha hodi kama mgeni.

Mungu akushike mkono, Mama Mwende, akuponye mguu na moyo. Ailinde nyumba yetu na kila alalaye ndani yake, na ailinde pia nyumba ile ya mbali, bibi, baba na mtoto, wasipungukiwe na pumzi wala chakula wala amani. Amina.

Mumeo,
Musembi