Ndala Iliyobana Karatasi Hii

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe tu moto. Gesi uifunge vizuri. Maji ya beseni usiyamwage, na hiyo mashua iliyomo usiiguse tena. Umeshaigusa vya kutosha.

Uliondoka mapema, hukuona kilichotokea. Jana binti yako alishinda sakafuni akitengeneza mashua ya ndala kuukuu, mlingoti njiti ya ufagio, tanga kipande cha mfuko. Ilielea kiubavu, na mtoto meno yote nje! Alipolala tu, wewe fundi seremala roho ikakuwasha. Ukaitupa kwenye pipa la taka, ukamchongea nyingine ya mbao, ukaipiga msasa, ukaipaka na vanishi. Imenyooka, sikatai. Hongera, fundi.

Asubuhi akachungulia beseni. “Mama, yangu iko wapi?” Nikamwonyesha hiyo ya mbao. Akasema, “Hiyo ya baba.” Wala hakulia. Bora angelia.

Mimi nimezoea. Nikitandika kitanda, unatandua, unatandika upya. Nikipanga vikombe, unavigeuza. Nilikaa kimya nikijua ni mimi tu. Kumbe na mtoto!

~~Usinisubiri, nitalala kwa dada.~~ Nitarudi na mtoto jioni. Nguo zimekauka, zianue, na uzikunje unavyopenda wewe, maana nikikunja mimi utarudia.

Kabla sijatoka nilimpa ndala nyingine atengeneze upya. Akanirudishia mkononi: “Mpe baba, mimi sijui.”

Ndiyo hiyo niliyobania karatasi.

Mama Watoto