Kilomita Nane kwa Supu ya Wodi

Mpendwa dada Achol,

Ejok? Huko Kanada nadhani hakuna wa kukusalimia hivyo, kwa hiyo nakusalimia mara mbili: ejok, ejok. Kaa chini kwanza, weka chai karibu, maana nina habari. Yule Akiru uliyemfundisha kusimama tena katika wodi ya kifua kikuu hapa Lodwar ametembea kilomita nane. Ndiyo, mimi. Acha kucheka.

Nakumbuka ulivyoletwa kutoka kambini Kakuma, umekonda, lakini mdomo haukuugua hata kidogo. Mimi nilikuwa nimekata tamaa, sitaki hata kukaa. Wewe ukaamua kwamba kila asubuhi tutatembea mpaka kwenye mwarobaini wa nje na kurudi. "Yalla, twende, Akiru," ulinisukuma, "hata mbuzi kilema anashinda wewe." Nilikasirika, nikatembea. Nadhani ulijua nitakasirika.

Kilichotutesa kuliko kikohozi ni vile vidonge kwenye tumbo tupu. Unakumbuka siku shangazi yangu alipoleta supu ya mbuzi? Tuliinywa kwa zamu, kikombe kimoja, ukaapa kwamba dawa imeanza kufanya kazi palepale.

Basi ulipokwisha kuondoka, nami nikamaliza dawa, kanisa letu likaandaa matembezi ya kuwatafutia chakula wagonjwa wa wodi ile. Hapa kwetu watu waliahidi mbuzi badala ya pesa. Mjomba wangu Ekai, mwenye mifugo mingi na maneno machache, aliahidi mbuzi wanane, mmoja kwa kila kilomita yangu. Ila alitoa sharti. "Ukipanda gari, hata mkia sitoi." Daktari aliniruhusu kutembea, si kukimbia, kwa sababu pafu langu la kushoto bado linalalamika.

Tulianzia barabara ya Kakuma. Kosa langu lilikuwa moja: nilianza kusalimia. Achol, ningefanyaje? Akina mama wanaouza makaa kando ya barabara wote wananijua, na wengine walikuwa wamesikia nimekufa. Mtu kama huyo unampitaje mbio mbio? Nilishika kila mkono. Nikaulizwa habari za mbuzi, za watoto, za kifua, na zako pia. Mmoja akanipa chai, nikakaa kuinywa. Vijana niliotembea nao walishapotea mbele zamani, na gari la waandalizi likanikuta hapo, dereva akaniita.

"Madam, umechoka. Ingia tu, hakuna aibu."

"Sijachoka. Nasalimia."

"Lakini watu wamemaliza kitambo!"

Kusema kweli, nilipofika mto Kawalase, ukiwa mkavu kabisa, gari likinifuata polepole, nilichoka. Kifua kilibana, na mlango wa gari ulikuwa wazi kando yangu. Niliogopa sana. Safari hii sikuogopa kufa, niliogopa kwamba kuna watu watameza vidonge kwa maji matupu kwa sababu yangu. Nilikaa juu ya jiwe mpaka pumzi ikarudi. Kisha nikamsalimia dereva vizuri, nikamuuliza habari za mama yake, nikaendelea na safari.

Nilifika wa mwisho. Utepe wa kumalizia ulikuwa umeshakunjwa. Mjomba Ekai alikuwa bado langoni mwa hospitali, amekalia kigoda chake. Aliiangalia miguu yangu iliyojaa vumbi, akawaambia waandalizi, "Chukueni mbuzi." Nilimkumbatia mbele za watu, akakasirika.

Wagonjwa walikuwa wametoka nje kutuona, barakoa usoni. Mwanamke mmoja, mwembamba sana, aliniuliza kama ni kweli niliwahi kulazwa mle. Nikamwambia tulikuwa wawili, mimi na dada yangu wa Kakuma. Akasema yeye amepewa kitanda cha dirishani. Nikamwambia hicho ndicho kilichokuwa chako.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Na yeye alienda wapi?"

Achol, sijawahi kufurahia kujibu swali kama nilivyofurahia lile. Nilimwambia uko Kanada, unakanyaga theluji, na umenenepa. Alicheka mpaka akakohoa.

Jifunike vizuri, ule vizuri, na Mungu akuweke.

Dada yako wa wodini,
Akiru