Damu Iliyopumzishwa

4 Machi

Kwa Binti yangu Mpendwa, Mtafiti wa Maabara,

YAH: PONGEZI PAMOJA NA TAARIFA

Baada ya salamu nyingi, natumai u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, ambalo huwa na maoni yake kila mvua inapokaribia.

Dhumuni la barua hii ni kukupongeza. Makala yako, isemayo kwamba vinasaba vya watia rangi wa kiwanda chetu cha nguo havina mikatiko mingi kuliko vya makarani, imebandikwa getini na meneja mwenyewe, tena ndani ya fremu. Amesema sasa hakuna haja ya zile feni za kutoa mvuke tulizokuwa tukizililia. Wenzangu wananiita "Baba Daktari", nami sikatai.

Napenda pia ufahamu kwamba mafanikio hayo hayakuja yenyewe. Nikiwa msimamizi wa zamu, nilihakikisha kila aliyeitwa kutoa damu anahamishiwa kwanza ghalani kufunga marobota, mbali na mapipa ya rangi. Sikutaka mwanangu aletewe damu ya ovyoovyo.

Ni mimi,
Baba yako mzazi


11 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Mpe mama pole, na apunguze kupanda ngazi.

Aya yako ya mwisho niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Walikaa ghalani muda gani? Wote? Nakuomba, Baba, safari hii usiniandikie kwa mapambo. Nijibu tu.

Vinasaba ni kama uzi ndani ya kila chembe ya mwili. Sumu huukata, mwili huuunga. Mtu akikaa mbali na sumu siku chache tu, mikatiko mingi ninayoipima inakuwa imeshaungwa. Lakini mahali pengine mwili huunga vibaya, na makosa hayo yakilimbikizana miaka na miaka ndipo saratani hupata mlango. Nilitaka kuwapima mkiwa kazini. Nimewapima mkiwa likizo.

Mwanao


20 Machi

Kwa Binti yangu,

YAH: MAJIBU YA MASWALI YAKO

Marahaba. Sisi wazima. Majibu ni haya: wote, na kila mmoja wiki mbili.

Naomba hata hivyo nijitetee. Ni nani aendaye kwa daktari na matope miguuni? Wewe mwenyewe nilikuogesha kabla ya kila chanjo, na hukulalamika.

Barua yako nilimsomea mwenzangu tumwitaye Bluu, kwa sababu ya mikono yake. Unamkumbuka, alikuwa akikubeba mabegani. Aliangua kicheko. "Msimamizi wewe! Umetufua, umetupiga pasi, ndipo ukatupeleka kwa mtu anayetafuta madoa!"

Kisha akanivuta kando, akaniambia kwamba anakojoa damu, na hajamwambia hata mkewe. "Lakini karatasi ya getini inasema niko fiti," akasema. "Basi mkojo ndio mwongo."

Hapo sikucheka. Tafadhali nielekeze afanye nini.

Baba yako


27 Machi

Baba, shikamoo.

Aende hospitali leo hii. Aseme wazi ni mtia rangi, na wampime kibofu, maana sumu ya rangi hupitia huko. Asipotaka, mburute.

Mkuu wangu nimemweleza yote. Kasema, "Ulichopewa ndicho ulichopima. Kosa lako liko wapi?" Ni kweli, na ndiyo maana silali. Makala ile ndiyo inayonibeba kwenye cheo cha kuongoza kitengo. Nikiiondoa, narudi kuwapimia wengine sampuli zao. Maombi ya kuiondoa nimeshayaandika, ila sijayatuma. Nipe nafasi nifikiri.

Je, mtakubali kutoa damu upya, mkitoka moja kwa moja kwenye mapipa? Usimlazimishe mtu. Kila mmoja ana haki ya kukataa, hata wewe.

Nisalimie mama.
Mwanao


9 Mei

Kwa Kiongozi wa Kitengo cha Utafiti, ambaye pia ni Binti yangu,

YAH: OMBI LA UAMUZI

Natumai hujambo. Sisi tu wazima. Barua yangu ya mwezi uliopita haijajibiwa. Habari za cheo chako tumezipata kwa shangazi yako. Hongera. Mama yako alipiga vigelegele, kisha akaniuliza mbona mimi sishangilii.

Bluu amekutwa na uvimbe kwenye kibofu. Nilipokwenda kumwombea kiwanda kigharamie matibabu, meneja hakubishana nami. Alinishika bega, akanipeleka getini, akanisomea makala yako, taratibu, kama vile sijui kusoma.

Watia rangi tulikutana. Meneja amekwisha kutamka kwamba atakayetoa damu tena ajitafutie kazi kwingine. Wawili wamekataa, na sikuwalaumu. Tuliobaki tuko tayari, nami nitatangulia, bila kupitia ghalani.

Mama yako anasema kitanda chako kipo palepale, iwapo cheo kitakuponyoka. Mimi naongeza kwamba sitakudharau kwa jibu lolote. Ila nikiwa hospitali Bluu huniuliza umesemaje.

Kwa hiyo naomba uamuzi wako kwa maandishi: makala ile unaiondoa, au huiondoi?

Baba